Santuri ya Elkana wa Mizani

Ilikuwa mwaka wa tisini na sita. Hapana, ngoja, nimekosea. Tisini na sita ndio mwaka Robi alizikwa. Safari ya kwenda Migori na santuri ilikuwa tisini na saba, mwezi wa kumi, maana ile mvua kubwa waliyoiita El Nino ilikuwa imeanza, na mto Kuja ulikuwa umepanda hadi watu wa upande wa Karungu wakawa wanalala na viatu miguuni.

Mimi ni fundi wa cherehani. Jina langu Mayaka, mzaliwa wa Kisii, lakini nyumbani sijakaa sana. Tangu ujana nimekuwa nikizunguka na mfuko wangu wa bisibisi na chupa ya mafuta: Kendu Bay, Homa Bay, Ndhiwa, Karungu, Migori, halafu narudi mwanzo. Mahali penye cherehani iliyokwama, napewa stuli na chai. Ikishashona, naenda. Ndivyo nilivyomjua Elkana Onyango.

Watu wa Ndhiwa walimwita Elkana wa Mizani, kwa sababu alikuwa mpima pamba kwenye kiwanda kimoja huko Homa Bay, siku zile pamba ilipokuwa pamba. Alikuwa mtu mrefu, mpole, wa maneno machache. Akisema kilo arobaini na mbili, hakuna mkulima aliyebishana. Hata kiwanda kilipofungwa na yeye akarudi kulima, jina la Mizani lilibaki naye kama kovu la ndui.

Mwaka wa sabini na tatu mambo mawili yaliingia nyumbani kwake, yote katika mwezi mmoja. La kwanza ni mke. Robi alikuwa Mkuria wa Kehancha. Elkana alimwona sokoni Migori akiuza wimbi, akampenda, akatuma wazee, mahari ikaenda, mke akaja. Shida ilikuwa lugha. Robi hakujua Kijaluo hata cha kuomba chumvi. Elkana hakujua Kikuria. Walizungumza Kiswahili, tena kile cha sokoni: njoo, chukua, bado, asante. Majirani wakamwita Nyar Kuria, yaani binti wa Wakuria, na hilo likawa jina lake.

La pili ni mashine ya santuri. Karani mmoja wa kiwandani alikuwa amehamishwa, akamwachia Elkana mashine yake, ile ya sanduku yenye kifuniko, ya kutumia betri sita. Haikuwa ikizunguka. Nami nilikuwa nimepita pale kutengeneza cherehani ya jirani.

"Fundi," Elkana aliniita, "wewe unajua vitu vya kuzunguka. Hebu angalia hii."

Nikafungua. Mpira wa ndani, ule unaotoka kwenye injini ndogo kwenda kwenye sahani, ulikuwa umekatika. Mpira kama ule haukuwa Ndhiwa, na sidhani ulikuwa Homa Bay. Nikachukua tyubu kuukuu ya baisikeli, nikakata utepe mwembamba kama kamba ya kiatu, nikaunga kwa gundi ya solusheni, nikauvalisha. Sahani ikazunguka. Ilizunguka kivivu kidogo, kwa maana utepe wangu ulikuwa mrefu kuliko ule wa kiwandani na ulikuwa ukiteleza. Hilo niliona. Lakini watu walikuwa wamejaa mlangoni wanapiga makofi, na chai ilikuwa imeiva, nikajiambia nitaupunguza nikirudi.

Nilipokuwa nakunywa ile chai, Elkana aliniambia kwa sauti ya chini jambo lililokuwa likimsumbua.

"Ona lile sanduku," akasema.

Lilikuwa sanduku la bati la Robi, pale chumbani, limefungwa kamba ya katani.

"Ana wiki tatu hapa. Hajaifungua ile kamba. Akitaka nguo, anapenyeza mkono chini ya kifuniko, anavuta moja, kamba iko palepale. Sasa niambie, fundi, huyu ni mke au ni abiria?"

Nilicheka, lakini yeye hakucheka.

Kesho yake alishuka Homa Bay, akarudi na santuri moja, ile kubwa yenye nyimbo sita, tatu kila upande. Hakuwa ameisikiliza dukani. Aliichukua kwa sababu ya jalada, lenye picha ya wanaume saba waliovaa suruali pana miguuni, wamesimama mbele ya maji, wakamfanya akumbuke ziwa. Ilikuwa rumba, wameimba kwa lugha ya Kongo. Hatukuelewa hata neno moja, si mimi, si yeye, si Robi. Gitaa la kwanza lilianza peke yake, polepole, kama mtu anayepapasa njia gizani, halafu la pili likalifuata, halafu sauti nzito za wanaume. Tukageuza upande wa pili. Wimbo wa tatu wa upande huo ulikuwa mtulivu kuliko yote.

Robi alikuwa uani anapepeta wimbi. Tuliona mikono yake ikianza kusikiliza kabla yake. Ungo uliinuka, ukashuka, ukainuka, ukashuka, sawasawa na ule wimbo. Akainuka, akaja hadi mlangoni na ungo wake, akasimama akipepeta ungo mtupu, maana wimbi lote lilikuwa limemwagika njiani. Kuku walifurahi sana siku ile.

Elkana alinisimulia yaliyofuata nilipopita tena baada ya miezi miwili. Alisema kabla jua halijazama alisikia kitu kikivutwa chumbani. Alipochungulia, Robi alikuwa amepiga magoti anafungua kamba. Akatoa nguo moja moja, akazitundika ukutani.

"Wimbo wa tatu ndio uliofungua kamba," Elkana alipenda kusema. Alilisema hilo miaka ishirini na mitatu. Alilisema harusini kwa binti yao Dorine, alipoolewa Kendu Bay. Robi naye, akiwa ameshajua Kijaluo cha kutosha kugombana na soko zima, alikuwa akimjibu, "Kwenda huko! Kamba ilikuwa inaoza."

Na kila mpira ulipochoka, mimi ndiye niliyekata mwingine. Sikuupunguza. Nilikuwa nimeweka ule wa kwanza kwenye mfuko wangu kama kipimo, na kila mpya niliukata kwa kipimo hicho.

Miaka ilikwenda. Kaseti zikaja, kila kinyozi akawa na redio yake ya kaseti, muziki mpya ukawa unatoka leo na kusahaulika Ijumaa. Elkana alibaki na santuri yake ileile. Jalada lililiwa na mchwa, wale wanaume saba wakabaki suruali tu. Dorine alipokuwa mdogo aliangusha kifuniko cha sufuria juu yake, ikapata mkwaruzo, na tangu hapo wimbo wa tatu ukawa na mlio, tik, tik, tik, kama saa, kwa mizunguko kumi hivi, halafu unatulia. Hata hivyo sikuwahi kuusikia nikauchoka. Muziki mwingine wa zamani ukiurudia unauonea huruma, kama kumwona mtu amevaa koti la ujana wake. Huo haukuwa hivyo. Ulikuwa ukikaa nyumbani pale kama mtu wa nyumba.

Robi aliugua malaria na kitu kingine juu yake, akafa mwezi wa nne, tisini na sita. Mwezi uliofuata injini ya ile mashine ikaungua. Nilijaribu. Haikuwa kazi ya tyubu tena.

Nilipopita mwaka uliofuata nilimkuta Elkana ameketi nje, santuri iko mapajani. Alikuwa ameigeuza kwenye mwanga, anaangalia mistari yake kama mtu anayeangalia barua iliyoandikwa kwa lugha asiyoisoma. Nyumba ilikuwa imefagiwa, lakini ilikuwa kimya namna ambayo hata kijiko kikiguswa kinasikika hadi barabarani.

"Karibu, fundi," akasema. "Chai nitachemsha mwenyewe, usitegemee itakuwa nzuri."

Haikuwa nzuri. Tulikunywa.

"Kuna kitu kinanitisha," aliniambia baadaye. "Nimeanza kumsahau."

"Si una picha yake pale ukutani?"

"Sura ninayo, omera, ndugu yangu. Sura iko kwenye picha. Mwendo wake ndio hauko. Alivyokuwa akitembea kutoka jikoni, alivyokuwa akipepeta. Nikifumba macho namwona amesimama tu, kama yuko kwa mpiga picha. Nikisikia ule wimbo mara moja, atatembea. Najua atatembea."

Nilimwambia kwamba Migori kulikuwa na Abdi, kijana Msomali mwenye duka la kaseti karibu na soko. Ninamjua kwa sababu mkewe, Kuruthum, alikuwa na cherehani palepale mlangoni, na mimi ndiye fundi wake. Abdi alikuwa na mashine nzuri ya santuri, na alikuwa akihamisha nyimbo za zamani kwenye kaseti. Redio ya kaseti Elkana alikuwa nayo. Dorine alikuwa amemletea siku za matanga.

Aliifunga santuri kwa leso ya Robi, ile ya rangi ya machungwa, na siku ya pili tukaondoka.

Tulifika Migori asubuhi, matope hadi magotini. Abdi aliipokea kwa mikono miwili, akaipuliza vumbi.

"Wazee, hii ni dhahabu," akasema. "Hawa jamaa hakuna mtu anapiga gitaa hivi siku hizi. Niachieni, kuna watu wawili mbele yenu. Nendeni mkanywe chai, mrudi saa sita."

Tulirudi saa sita. Wateja kama watano walikuwa wamesimama pale wakingojea kaseti zao. Abdi akaiweka santuri kwenye mashine, akashusha sindano upande wa pili, wimbo wa tatu, kama Elkana alivyomwomba.

Gitaa likaruka. Sijui niseme vipi. Lilitoka mbiombio, jepesi, la kuchekacheka, na zile sauti nzito za wanaume zikawa sauti za vijana. Wateja wakaanza kutikisa mabega. Mimi nilimwangalia Elkana. Alikuwa amefumba macho. Akayafumbua.

"Zima," akasema.

"Nini, mzee?"

"Zima hiyo. Hiyo si yangu."

Abdi akainua sindano. "Si yako kivipi? Umeileta kwa mkono wako."

"Nimeleta yangu, wewe umeniwekea ya mtu mwingine. Umebadilisha tulipokwenda chai."

"Wallahi huyu mzee!" Abdi aligeukia wateja. "Niibe santuri haina hata jalada? Nikaitumie kufunikia maji?"

Watu wakacheka. Mmoja akasema, "Mzee, labda ni masikio yamebadilishwa." Wakacheka tena. Elkana hakukasirika. Alisimama pale amenyooka, kama alivyokuwa akisimama mbele ya mizani.

"Yangu ina alama," akasema. "Binti yangu aliangusha kifuniko cha sufuria. Ukifika katikati inalia mara kumi. Kama ni yangu, italia."

Kuruthum aliacha kushona. "Baba Hassan," alimwambia mumewe, "si umuwekee tu asikie? Mzee hawezi kutoka Ndhiwa kwenye hii mvua kuja kukusingizia."

Abdi akashusha sindano tena. Tukangoja. Gitaa likakimbia, vijana wakaimba, na katikati ya wimbo ikaja: tik, tik, tik. Nilizihesabu. Zilikuwa kumi, lakini zilikuwa zikikimbia kama panya darini.

Elkana alikaa kwenye ngazi ya mlango. "Ni yangu," akasema. "Ni yangu, lakini siyo yenyewe." Halafu akaniangalia mimi. "Fundi, hakutembea. Amekimbia tu akapita."

Hapo ndipo nilipoelewa. Nilijua kabla Abdi hajasema neno. Ningeweza kunyamaza. Mtu mwingine angesema mashine ya Abdi ni mbovu, na mambo yakaisha. Lakini niliingiza mkono ndani ya mfuko wangu nikatoa ule utepe wa kwanza wa tyubu, uliokuwa umekauka na kukunjamana.

"Elkana," nikasema, "ndugu yangu, ni huu."

Nilimweleza mbele ya watu wote. Kwamba mpira wangu ulikuwa mrefu na ulikuwa ukiteleza. Kwamba mashine yake ilikuwa ikichelewa tangu siku ya kwanza. Kwamba wale wanaume saba waliimba hivi, haraka hivi, na sisi kule Ndhiwa tulikuwa tukiwasikia kama watu wanaotembea ndani ya maji. Kwamba niliona, nikasema nitarudi.

Hakuna aliyecheka.

Elkana aliuchukua ule utepe, akauvuta kidogo, ukakatika. "Miaka ishirini na mitatu," akasema. Kisha akauliza kama mteja mwingine yeyote, "Sasa haiwezi kurudi ilivyokuwa?"

Abdi alisema mashine yake haina kitu cha kupunguza namna hiyo. Nikamwomba ruhusa nijaribu. Maisha yangu yote nimeshika magurudumu ya cherehani, mkono wangu unajua kubembeleza kitu kinachozunguka. Nilikunja pembe ya leso ya Robi, nikaiweka ukingoni mwa sahani, nikabonyeza kwa kidole gumba. Gitaa likashuka.

"Utaniharibia mashine, mzee," Abdi akasema, lakini hakunizuia.

"Bado," Elkana akasema. Alikuwa amesimama. Nikabonyeza zaidi.

"Umezidi. Achia kidogo. Bado."

Na ili kupima, akainua mikono yake mbele ya kifua, viganja juu, akaanza kupepeta hewa. Mwanamume mzima, mpima pamba, katikati ya duka la Migori, anapepeta wimbi ambalo halipo. Inuka, shuka. Inuka, shuka. Wimbo ulipofika pale mikono yake ilipo, alisema, "Hapo."

Hakufumba macho safari hii. Alikuwa akitazama mlangoni, mahali ambapo hapakuwa na mtu, na macho yake yalikuwa yakisogea taratibu kutoka kushoto kwenda kulia, kama unavyomfuata mtu anayevuka ua.

Abdi alirudisha sindano mwanzo wa upande, akabonyeza kitufe cha kurekodi bila kuambiwa. Nilishika ile sahani upande mzima, dakika kumi na nane, bila kubadilisha kidole. Kuruthum alinishikilia kiwiko mkono ulipochoka. Kisha Abdi akageuza kaseti, akarekodi upande ule ule wa santuri bila kidole changu, akaandika kwenye karatasi: upande A, pole, upande B, sawa.

Tulipokuwa tukitoka, yule mteja wa masikio alimwambia Abdi, "Mimi pia nirekodie ile ya pole. Ile nyingine ni tamu, lakini ile ya pole inakaa." Na kweli, miaka miwili baadaye nilikuwa nanyolewa Homa Bay, redio ya kinyozi ikaanza ule wimbo, na ulikuwa ukienda polepole. Kinyozi hakujua ulitoka wapi. Sikumwambia kwamba pale ndani kuna kidole changu. Angefikiri ni uzee.

Tulirudi hadi Ndhiwa. Nilimwomba msamaha mara mbili. Mara ya pili alinishika bega, akasema, "Kwa hivyo ile siku ya kamba..." halafu hakumaliza. Nililala kwake, kesho yake nikaendelea na safari yangu. Lakini lile neno lake lisilomalizika nilikwenda nalo, kwa sababu nilijua lilikokuwa likienda.

Nilirudi mwezi wa pili, tisini na nane, matope yakiwa yamekauka. Nilisikia muziki tangu kwenye kona ya shule. Ulikuwa upande B, ule wa haraka, wenyewe. Nilimkuta Elkana ameweka redio juu ya stuli kando ya kaburi la Robi, mchana kweupe, yeye ameketi chini.

"Upande huu hakuwahi kuusikia," aliniambia. "Nimeona si vizuri kumficha."

Nikakaa. Wimbo wa tatu ukaja na tik zake za haraka, ukaisha. Akaigeuza kaseti, akaweka upande A, na tukasikiliza huo pia. Betri zilikuwa zimechoka, kwa hiyo ulikwenda polepole kuliko hata nilivyoushika mimi, hadi ukawa karibu kusimama. Elkana alifungua redio, akatoa betri, akazipanga juani kwenye kipande cha bati, moja moja, kama mtu anayeanika omena, wale dagaa wa ziwani.

Hapo ndipo nilipomuuliza. Nilikuwa nimelibeba tangu Migori na halikuniacha nilale vizuri popote. Aliendelea kuzigeuza zile betri. Nilimuuliza tena nilipopita mwezi wa nane, akaingia ndani kuchemsha chai. Mwaka uliofuata nilikuta nyumba imefungwa, makaburi ni mawili, na redio Dorine ameichukua Kendu Bay. Nikasimama pale uani na mfuko wangu, nikawauliza wote wawili:

"Kama siku ile ningeukata ule mpira sawasawa, Robi angeifungua kamba?"